Namba Kumi na Nne ya Nyanungu

Aibu hii sijawahi kumsimulia mtu kwa hiari yangu, waliosikia walisikia kwa wenzangu wa ofisini, basi leo naisema mwenyewe kabla hamjaongezewa chumvi.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye ofisi ya ushirika wetu wa kahawa hapa Tarime mjini (maana yake chochote chenye waya kikigoma naitwa mimi, hata pasi), na kila asubuhi napiga simu ya mezani kwenye stoo zetu za vijijini kuuliza kama mzigo uko tayari ili lori litoke. Sasa stoo ya Nyanungu, namba ya ndani kumi na nne, ikaanza vituko. Inaita vizuri, inapokelewa, nasema, "Halo, Marwa hapa, makao makuu," halafu kata! Napiga tena, kata! Wiki tatu jamani, na mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi huohuo, na mwezi unaofuata naoa!

Mtu mwenye akili angepanda pikipiki akaenda kuangalia. Mimi nikaona mvua, nikaona na tope la njia ile, nikaamua nitalimaliza tatizo nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, na hapo ndipo nilipojiponza. Nikabadilisha waya, nikabadilisha simu, nikazima mitambo na kuiwasha mpaka ofisi nzima ikakosa intaneti, mwisho nikamwandikia meneja kwamba antena ya Nyanungu inayopitisha simu zao imekufa. Ikanunuliwa mpya, fundi akapanda mlingoti akaifunga, nami nikapiga kwa mbwembwe. "Halo, Marwa hapa..." Kata!

Meneja akapiga yeye, akaongea mpaka akauliza habari za ng'ombe. "Mbona mimi sikatiwi?" akaniuliza. Nilitamani kuipigiza ile simu ukutani.

Nikaitwa kikaoni. Mwenyekiti yupo, wajumbe wapo, simu iko katikati ya meza, spika imewashwa. "Haya, piga tuone." Nikapiga, kata. Meneja akapiga, sauti ya mama mmoja ikajibu, "Shikamoo mzee," laini safi kabisa! Hasira zikanipanda, nikaiinamia ile simu nikafoka, "Wewe mama, unabonyeza nini huko? Simu tu inakushinda? Walikutoa wapi wewe?"

Nikajua imekatika tena, kumbe haikukatika.

"Mzee meneja," ile sauti ikasema polepole, "mwambie huyo kijana mimi ni mama yake Bhoke. Huyo si ndiye anamuoa binti yangu? Sisi na mkwe hatuongeagi hivihivi, na yeye kila siku ananipigia, sasa mimi nifanyeje? Nilikuwa namheshimu."

Mnajua kwetu Wakurya, mama mkwe hata njiani mnapishana kwa mbali, na mimi nimemfokea kwenye spika mbele ya kikao kizima. (Na Bhoke alikuwa ameniambia! "Mama amepata kazi stoo yenu ya kule, mtafute mtu mwingine wa kupiga," nami nikajibu "hongera sana" huku macho yangu yakiwa kwenye mpira wa runinga.) Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi. Wajumbe wazee hawakucheka, mmoja alichukua kofia yake akatoka nje.

Nikakimbilia uani, nikampigia Bhoke kwa simu yangu ya mkononi. "Halo, Bhoke, mimi Marwa..." Kata. Hiyo sikuitafutia antena.

Wazee wangu walienda Nyanungu mara mbili kuniombea radhi, mara ya pili na mbuzi, ndipo ndoa ikafungwa. Kazini hawakunifukuza, mkataba waliuongeza, ila mjini wananiita Mkwe wa Antena, na namba kumi na nne anaipiga dada wa mapokezi huku mimi nimesimama pembeni namnong'oneza maswali. Nimeapa, simu ikikatika sishiki waya kabla sijauliza aliyeko upande wa pili ni nani. Na Bhoke akianza tu kusema "mama", nazima mpira.