Wifi Yangu Alivyonisomea Kitabu cha Majoka

Wakuu, heshima zenu. Nawaandikia kutoka Kamina, Congo. Kiswahili hiki nimekiokota humu humu kwenye nyuzi zenu, mkiona kimepinda mnisamehe. Habari yenyewe haijapinda, imenikuta mimi mwenyewe.

Mimi ni msusi. Nasukia uani kwetu, si mbali na stesheni.

Kichwa kimoja kinaweza kula nusu siku, na umeme wetu mnausikia tu. Kwa hiyo tuna kawaida yetu: mmoja anasoma, wengine tunasikiliza. Msomaji wetu alikuwa Béa, dada wa mchumba wangu Ilunga. Roman zenyewe, yaani riwaya, ni za Kifaransa, yeye anazigeuza palepale kwa Kiswahili. Mikono yangu iko kwenye nywele za watu, kitabu nitakishika na nini?

Part one ilituua. Msichana anaendesha joka, anapendana na mlinzi wa mlima. Wateja walisahau hata kulalamika nikiwavuta nywele. Mwishoni mlinzi anakwenda kusini, anaahidi kurudi kumuoa.

Sasa Ilunga naye alikuwa amekwenda Bukama kwenye biashara ya samaki. Kwao walikuwa wameshanichumbia, imebaki yeye kurudi tu. Mnaelewa nilivyoisubiri hiyo sequel.

Ilikuja na treni kutoka Lubumbashi. Béa akaanza kusoma, na kila jioni anaondoka na kitabu kwenye mfuko wake. Nilidhani anakitunza.

Mlinzi akachelewa. Mara theluji, mara daraja limevunjika, mara homa.

Ilunga naye kwenye simu: mara treni imekwama, mara samaki hawajakauka, mara malaria. Nami nikafarijika! Nikasema kumbe hata kwenye vitabu wanaume wanachelewa.

"Banaume ya kweli banakawiaka," Béa alikuwa anatuambia, "lakini banarudiaka."

Akaja kapteni wa mfalme kumposa yule msichana. Msichana akamkataa, akakaa mlimani na joka lake kungoja.

Siku zilezile mwalimu mmoja, mtu mpole, alikuja kuuliza kama bado nangoja. Nikamkataa. Wateja wakanipigia vigelegele. Mwalimu ameshaoa, na mkewe namsuka mimi.

Kisha Béa akaitwa ghafla kwenye kilio cha mjomba wake, Malemba-Nkulu. Akapanda pikipiki haraka, mfuko akauacha kwangu. Mvua ikanyesha, mteja hakuna. Nikakitoa kitabu nikakisoma mwenyewe, polepole, Kifaransa changu ni cha shule.

Wakuu, hakuna theluji. Hakuna daraja.

Mwanzoni kabisa msichana anaruka na joka hadi kusini, anamkuta mlinzi ana mke na nyumba. Hapigi kelele. Anageuza joka lake anaondoka, na kitabu chote kilichobaki ni maisha yake mapya. Kapteni wa mfalme yumo, ndiye anayemuoa.

Nilikaa na kile kitabu mapajani. Sikulia. Nilikuwa nimeshajua kwa nini mtu anaweza kujisumbua kutunga kitabu kizima.

Béa aliporudi nilimpa pole ya msiba, halafu nikamuuliza moja kwa moja: Ilunga ana mke Bukama?

"Iko naye," akasema. "Na mutoto."

"Ulijua?"

"Bote tulijua. Mama alisema ule bibi wa Bukama atamuchosha, atarudia kwako. Mama anakupenda weye. Kama nilikuambia, ungeenda."

Ndiyo, ningekwenda. Si ndiyo maana ya kumwambia mtu?

Nikamfukuza. Posa yao nikawaambia waifute.

Kesho yake wateja wakauliza hadithi imefikia wapi. Nikawaeleza kama ilivyoandikwa. Mama mmoja nilikuwa nimemsuka nusu kichwa, akageuka akanitazama kama nimemtukana.

"Yako iko mubaya. Utuletee Béa."

Béa sasa anasoma kwa msusi wa ng'ambo ya barabara. Ameanza sehemu ya tatu, ambayo wala haijaandikwa. Mlinzi amerudi, harusi inakaribia, joka limepakwa maua. Wateja wangu karibu wote wamehamia huko. Nawasikia wakishangilia.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikusomea, siku mojamoja mwombe kitabu ukishike mwenyewe. Hasa kama ana kaka.

Sina hamu na Ilunga tena. Kinachonichoma ni kwamba jana nilitazama ng'ambo nikamwona mama yangu mzazi, anayejua kila kitu, amekaa chini pale na kitambaa chake cha kufutia machozi, anangoja mlinzi aoe.

Karibuni, wakuu. Mwenye neno aseme, ila msiniambie nivumilie.