Chai ya Kukatwa Vipande

Mbaabu alipoanza kupaliwa kila akila, lawama zilimwangukia mkewe, Ntinyari. Mama mkwe alionja mukimo, akakunja uso. "Viazi havijapondeka." Ntinyari akaponda mpaka mwiko ukavunjika. Akapunguza chumvi, akaongeza maziwa, akabadilisha hata sufuria. Mbaabu akakohoa hadi kuku wakakimbia jikoni.

Siku chai ilipomtokea puani mbele ya wageni wa kanisa, Ntinyari alimpeleka hospitali. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo.

"Kwa hiyo si mapishi yangu?" Ntinyari aliropoka. Akaona haya, kisha akalia.

Lenah, mtaalamu wa matatizo ya kumeza, aliwaeleza polepole. Ubongo ndio unaoliamuru koo lifunge njia ya pumzi chakula kinapopita. Uvimbe ukibana mahali hapo, amri huchelewa. Chai nyepesi hukimbia ikaingia mapafuni. Kitu kizito huteremka taratibu.

"Mzee, kaa wima, inamisha kidevu, meza kidogo kidogo."

"Yaani niisujudie chai?"

"Isujudie. Na usiongee ukimeza."

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Mbaabu alikuwa dalali wa ng'ombe sokoni Nkubu, na mdomo wake haukujua likizo.

Lenah aliwapa unga wa kufanya vinywaji viwe vizito. Ntinyari aliukoroga kwenye chai mpaka kijiko kikasimama.

"Mke wangu," Mbaabu akasema, "chai imeiva. Nikatie kipande."

Walicheka hivyo misimu miwili ya mvua. Maharagwe yalipokuwa yakivunwa, Mbaabu akafariki.

Baada ya mazishi, chakula kilimkwama Ntinyari kooni. Akaogopa kwamba sasa ni zamu yake. Akarudi kwa Lenah, ambaye alimpa maji, akamgusa koo akinywa, na baadaye daktari naye akampima.

"Hatujaona ugonjwa, mama," Lenah akamwambia. "Huzuni nayo hukaza koo. Unakula na nani?"

"Na ukuta."

Kesho yake mama mkwe, aliyesikia habari hizo, aliingia na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe. Akapakua sahani mbili, akaanza kusimulia jinsi Mbaabu, akiwa mtoto, alivyomuuzia padri jogoo wa baba yake, kisha akaenda kumsaidia padri kumla.

"Na alipoulizwa?"

"Alisema alikwenda kumuaga jogoo!"

Ntinyari alicheka, akalia, akacheka tena. Alipotazama chini, sahani ilikuwa tupu.

"Ongeza, Mama," akasema. "Na baba mtu alifanyaje?"