Kadi ya Mama wa Kwaya

Kwetu Lodwar vumbi halina adabu. Linaingia kwenye chai, kwenye matandiko, kwenye matundu ya kompyuta. Ndiyo maana sishiki kitu kabla ya kukipangusa, tena kwa pamba na spiriti, na dada yangu tunayeishi naye mtaa wa Kanamkemer husema ipo siku nitampangusa mtu hadi ngozi itoke. Niliuonea fahari usafi huo mpaka ulipokaribia kumfutia mjane mmoja sauti ya mume wake.

Mjane huyo ni Mkongomani, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako huwa naenda kila mwezi kufundisha kompyuta. Mume wake ndiye aliyekuwa akishika besi. Alipofariki, nyimbo walizorekodi kwa simu zilibaki kwenye memori kadi moja tu. Simu yenyewe ilishakufa. Mama yule alitaka nyimbo ziwekwe mahali pa kudumu, wanaume wapya wajifunze besi kwa kumsikiliza marehemu. Nikamwahidi kompyuta ndogo, ubao mmoja unaotosha kiganjani, usiokula umeme mwingi, unaoweza kutumia sola.

"Basi nakuachia yeye, mama," akasema, akanipa kadi. Umri wangu ni wa binti yake, lakini aliniita mama, kama Wakongomani wanavyomheshimu mwanamke yeyote. Juu ya kadi alikuwa amechora msalaba mdogo kwa kalamu ya wino ili isipotee.

Ubao wa namna hiyo hauna diski. Mfumo wake hukaa kwenye memori kadi, kwa hiyo kuuweka ni kuchukua kadi tupu, kuiandikia mfumo uitwao Linux kwa laptopu, kisha kuichomeka kwenye ubao. Nilichagua Linux nyepesi kuliko zote nilizozijua, isiyo na mapambo, maana ubao ulikuwa na nguvu kidogo na joto la Kakuma haliusaidii. Nikanunua kadi mpya, nyeusi. Ilifanana na ile ya mama kama pacha.

Jumamosi asubuhi nikaziweka zote mbili mezani, nikazipangusa kwa spiriti mpaka zikang'aa. Nikachomeka moja. Laptopu ikaniuliza, kama kawaida yake, vyote vilivyomo vitafutika, tuendelee? Swali hilo nimelijibu ndiyo mara nyingi hata silisomi tena. Dakika chache baadaye nikachukua kadi ya pili ili ninakili nyimbo. Ilikuwa tupu. Nikaigeuza kutafuta msalaba, sikuuona. Nikatazama pamba. Ilikuwa na doa la wino wa buluu.

Nilikasirikia pamba, nikamkasirikia mwenye duka, na mwishowe nikamfikia mhusika, mimi mwenyewe. Uongo pia niliuandaa: ningesema kadi imekufa kwa joto. Lodwar joto husingiziwa kila kitu na halijawahi kujitetea. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yule mama ningeendelea kuonana naye kila mwezi.

Nilipotulia nikakumbuka jambo ninalowafundisha wengine. Kufuta kwenye kadi ni kama kung'oa kibao cha mlangoni. Nyumba inabaki, na waliomo wanabaki, mpaka mwingine ahamie vyumbani mwao. Mgeni niliyemhamishia humo, ile Linux, alikuwa mwepesi, amechukua vyumba vya mbele tu. Nilishukuru kwamba sikuwa nimeichomeka kadi ile kwenye ubao na kuiwasha, kwa sababu hapo mfumo ungejitanua mpaka mwisho. Nikaendesha programu ya kutafuta mafaili yaliyopotea, na hadi alasiri ilikuwa imeokota mengi. Yote yalikuwa na nambari badala ya majina. Sikujua lipi ni lipi, na mtu pekee aliyeweza kujua ndiye niliyemwogopa.

Jumatatu nilikuwa Kakuma, na ubao ukifanya kazi vizuri kwenye kadi yake halali.

"Ejok, mama," akanisalimu kwa Kiturkana chake cha sokoni.

Nikamweleza yote, hata ule uongo niliokuwa nimeuandaa. Hakunifokea. Aliuliza jambo moja tu: "Ule wimbo wa kwanza uko?"

Nikasema sijui. Nikachomeka spika, tukaanza kusikiliza. Kila wimbo ukipigwa anautaja, nami naandika jina mahali pa nambari. Tuliendelea hivyo mpaka chai ikapoa mbele yetu, na ule wa kwanza haukuwemo. Kwa kuwa ulitangulia kurekodiwa, ulikaa mwanzoni mwa kadi, ukafunikwa. Ndio wimbo ambao mume wake aliimba ubeti mzima peke yake.

"Nisamehe, mama," nikasema.

Lilibaki faili moja fupi nililodhani ni takataka. Nikalifungua ili tumalize. Wanawake wakaanza wimbo, juu sana, sauti zikakatika, kisha mwanamume akacheka kwa sauti nzito.

"Mama, umeanzisha juu. Unataka hawa wababa wapande muti? Shusha kidogo."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Sauti ya mwanamke ikajibu kwa ukali, "Imba wewe basi," na faili likaishia hapo.

Mama aliweka mkono mdomoni. "Hii nilifutaka mimi mwenyewe," akasema. "Siku ileile. Nilikasirika, alifanya watu wanicheke."

Programu haikutofautisha nilichofuta mimi kwa uzembe na alichofuta yeye kwa hasira. Iliokota vyote. Akaniomba nirudie, nikarudia, akaomba tena. Alilia, akacheka, akalia. Mimi nililia naye.

Nikamwuliza faili hili tuliiteje.

"Andika: Alikuwa na haki."

Nikaandika hivyo; kwao maana yake ni kwamba alisema kweli. Mwezi uliofuata nilipopita, wanaume wapya walikuwa wamekaa mbele ya spika. Mama aliwasikilizisha faili hilo kabla ya wimbo wowote, wakacheka. Kisha akasimama, akaanzisha wimbo, chini kuliko alivyozoea.