Adamu Mwenye Tezo

Hii hamtaiamini, na isingekuwa mie ninayeisimulia, hata mie nisingeiamini. Mpwa wangu Kasiani, mchonga vinyago wa Tegeta, amefukuzwa kanisani pamoja na Adamu na Hawa. Wale wawili walishafukuzwa bustanini. Safari hii wamefukuzwa kigangoni, tena hawajala kitu!

Kasiani ni mtu wa kimya. Mie mjomba wake naingojaga shikamoo yake mpaka chai inapoa. Lakini tezo la kuchongea akilishika, mpingo wenyewe unamwogopa. Kipaji hicho kimetoka kwangu, asiwadanganye.

Kigango kikamwomba achonge nguzo ya kuwekea Biblia, yenye picha ya uumbaji. Akamchonga Adamu ameinama, tezo mkononi. Hawa anatoka kwenye gogo, kiunoni kwenda juu ni mtu, chini bado mti. Ni hadithi ya kwetu Newala, aliyosimuliwa na mama yake, dada yangu Anjelina, Mungu amlaze pema. Mtu wa kwanza aliishi porini peke yake, haogi, hachani nywele. Upweke ukamchosha, akachonga mti, akausimamisha mlangoni, akalala. Kulipokucha mti ukawa mke.

Dada alikuwa na sababu ya kuisimulia. Shemeji yangu alikuwa na mkono mwepesi. Kila akiuinua, dada anamwambia mbele ya watoto, "Mwenzio alichonga wake kwa kuchoshwa na upweke. Wewe wako unamvunja, ubaki na nani?" Siku nyingine shemeji aliushusha akatoka nje. Siku nyingine hakutoka. Kasiani aliyaona yote, na yeye hajawahi kumnyooshea mkewe hata kidole.

Sasa Jumamosi tukaipeleka nguzo. Akaja Mzee Gaudens, mwenyekiti wa ujenzi, karani mstaafu, shati limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye. Akaizunguka nguzo.

"Ubavu uko wapi?"

"Shikamoo mzee," Kasiani akasema.

"Marahaba. Ubavu uko wapi? Imeandikwa Adamu alikuwa amelala. Aliyelala anashikaje tezo?"

"Ni mfano, mzee."

"Mfano! Neno la Mungu mfano? Ubavu ni ubavu, kijana. Mnatuletea mizimu yenu ya Kusini madhabahuni!"

Jamani, damu ilinipanda. Nikamwambia, "Mzee Gaudens, vua hilo shati tuhesabu mbavu zako. Zikilingana kulia na kushoto, wewe si mtoto wa Adamu!" Akina mama wa usafi wakaangusha fagio kwa kucheka. Yeye hakucheka. Akaagiza msumeno. Tezo likatwe, na mkono uliolishika, halafu Kasiani achonge ubavu.

Hapo ndipo nilipomsikia mpwa wangu akipaza sauti, mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Mama hakunisimulia hadithi hii ili nihesabu mbavu! Alinisimulia nisije nikawa kama baba! Wewe ya kwako imekufundisha nini, mzee? Kukata mikono?"

Akaweka mkono wake juu ya ule wa Adamu. "Haya. Anzia huku."

Gaudens akashika msumeno, akauangalia mkono ule, akasema, "Ondoa uchafu wako hapa."

Uchafu! Naandika kwa hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mie niliishia darasa la sita, maana la saba halikuwa na cha kunifundisha. Lakini nauliza, aliyeumba mbingu na nchi, ubavu mmoja ndio anaotaka tumlindie kwa msumeno? Na dada yangu, aliyesali rozari mpaka vidole vikaota sugu, alikuwa akisali mizimu?

Haya nayasoma kwa sauti hapa kibandani kwa mpwa wangu. Kasiani anapiga msasa, hanitazami. Nguzo imesimama mlangoni, tezo lake mkononi, haijakatwa hata unywele. Maana alilikumbatia gogo lile, zito kama ng'ombe mwenye mimba, akalitupa begani, akatembea nalo peke yake kutoka kigangoni mpaka hapa, jua la utosi, magari yote ya Barabara ya Bagamoyo yamesimama kumpisha, na mie mbele nikimfungulia njia kwa—

"Mjomba."

"Nini tena?"

"Tulikodi bajaji. Andika bajaji, Gaudens asije akanipima bega."