Mama Chipsi na Mbaazi za Matiliku

Kitu cha kwanza anachokiona mtu kwa Wayua ni kasi ya mikono yake. Viazi humenywa, hukatwa na kutumbukia kwenye mafuta kabla mteja hajamaliza kuagiza. Madereva wa malori wanaopumzika kwenye hoteli anakopika, Mtito Andei, humwita Mama Chipsi, naye huitika kwa kicheko.

Mwaka huu, hata hivyo, jina hilo lilianza kumchoma. Kila jioni alikuwa akimpelekea bintiye Nzilani, mwenye umri wa miaka mitano, chipsi zilizobaki hotelini, na sasa mtoto hakutaka chakula kingine. Shuleni hupikwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na mbaazi au kunde. Nzilani hakuonja hata punje. Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu alisema waziwazi: "Mama, kila mchana mtoto huyu analala darasani. Kwa njaa hiyo hawezi kusoma."

Wayua akajaribu ujanja wa jikoni. Alisaga majani ya kunde, akayaficha ndani ya viazi, akavikaanga vizuri kabisa. Nzilani aliuma mara moja, akaona kijani, akatema. Tangu siku hiyo alipasua hata chipsi za kawaida na kuzikagua kama askari kwenye kizuizi cha barabara.

"Umemfundisha kukupekua!" Salim, dereva kutoka Mombasa, alicheka aliposimuliwa. "Mama Chipsi, umepatikana!"

"Cheka tu, ndugu yangu. Watoto wako wanakula nini?"

"Wali, na wali, halafu wali. Ukipata dawa, nipe na mimi."

Likizo ya Agosti Wayua akampeleka mtoto Matiliku kwa mama yake, Kaluki. Mbaazi zilikuwa bado mbichi shambani. Kaluki alizichemsha na maganda yake, akatia chumvi kidogo, akazimwaga kwenye ungo uani. Kule mbaazi mbichi haziombi sahani wala kijiko: watu huzunguka ungo, wakabana maganda na kufyatulia punje mdomoni huku wakipiga soga. Wajukuu walikuja mbio.

"Na Nzilani?" Wayua aliuliza.

"Nani amemwita?" Kaluki alijibu kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Huyo hajui kubana. Mwacheni."

"Najua, Susu!" Nzilani alisema, akimwita nyanya yake kwa Kikamba.

"Hujui. Hii ni kazi ya watu wenye vidole."

Nzilani alinyakua ganda, akabana kwa nguvu zake zote. Punje ziliruka na kumpiga Susu kwenye paji la uso! Binamu zake walianguka kwa kicheko. Akachukua la pili, akalielekeza vizuri, na punje zikaingia mdomoni. Akatafuna. Akachukua la tatu.

Wayua alitaka kupiga vigelegele, lakini mama yake alimshika mkono. "Nyamaza," alinong'ona. "Ukimsifu atakumbuka kwamba hapendi."

Kufikia mwisho wa wiki Nzilani alikuwa akila mbaazi ndani ya muthokoi, kwa sababu alizibambua mwenyewe. Kisha malenge, aliyosaidia kukwangua mbegu. Mchicha bado anaukataa, na maziwa lala, yale ya mgando, anayaita sumu, lakini Wayua hana wasiwasi. Tangu warudi Mtito Andei, jioni harudi na chipsi. Hurudi na kitu kibichi, wakakichambua pamoja jikoni.

Jumatatu shule zinafunguliwa. Wayua ameomba ruhusa ya mchana. Atasimama nyuma ya jiko la shule, mtoto asimwone, atazame bakuli lake la muthokoi. Salim naye ameagiza apigiwe simu papo hapo.

Leo ni Jumamosi. Nzilani ameshavaa sare mara mbili na kuvuliwa.

"Mama, Jumatatu ni kesho?"

"Ni kesho kutwa."

"Mbona iko mbali hivyo?"

Wayua alicheka, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa akijiuliza hilohilo.