Kutazama Mbali

Kila nikipaka dawa ya kuchua kwenye panja, baada ya kushinda nimeketi nikirekebisha kazi ambayo hainiridhishi kamwe, harufu yake hunirudisha mlangoni kwa rafiki yangu Mchina. Tulikuwa majirani Al Thumama, mtaa wa ughaibuni katika nchi ya jangwa. Nje jua lilichoma, kwa hiyo watoto wa jengo letu tulicheza kwenye korido. Yeye peke yake hakutoka.

"Aunti, leo ataruhusiwa?" nilimuuliza mama yake, mpira kwapani.

"Anapumzisha macho kwanza."

Rafiki yangu alikuwa amesimama dirishani, panja zikinuka dawa, akitazama mbali ili miwani yake isizidi unene. Huko mbali kulikuwa na vumbi na kreni tu.

"Babu, njoo upige hata mara moja!" nilimwita kwa utani, maana alinuka dawa kama mzee.

Alicheka, akaukimbilia mpira, akaupiga. Ulinipita. Tulishangilia pamoja, naye akihema kama aliyezunguka mji mzima.

"Inatosha," mama yake alisema. "Rudi kwenye hesabu."

"Nikimaliza nakuja," aliniahidi.

Nilimsubiri mpaka taa za korido zikawashwa. Siku walipohama, alikuwa bado hajaja.

Sasa nimesimama dirishani. Natazama mbali kidogo, kisha narudi kuketi kwenye kazi yangu.