Shahidi Aliyekuja Siku Korti Haikukaa

Kesi ile niliipata kwa barua. Hapa kwetu mtu akishtakiwa kwa mauaji na hana uwezo, korti humchagulia wakili kutoka kwa orodha, na serikali ndiyo humlipa wakili huyo, ikilipa. Sisi mawakili huziita kesi za maskini, na wakati mwingine hucheka, kwa sababu hatujui maskini ni mshtakiwa au ni sisi. Wakati huo nilikuwa na ofisi ya chumba kimoja Thika, juu ya duka la mbegu na dawa za ng'ombe. Niliandikisha jina langu kwenye orodha kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini na nilitaka majaji wanijue.

Mshtakiwa alikuwa fundi wa mawe, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, wa miaka arobaini hivi. Aliishi Kimbo na mke wake katika ploti ya ghorofa tatu. Asubuhi moja alirudi kutoka dukani akakuta keateka, yule anayemkusanyia mwenye nyumba kodi, amefunga mlango wake kwa kufuli. Wakagombana hapo kwenye ngazi, na ngazi zenyewe hazikuwa na vyuma vya kushikilia. Keateka akaanguka mpaka chini. Kufika saa sita mchana alikuwa amekufa. Majirani wawili, waliofungua milango baada ya kusikia kishindo, waliwaambia polisi kwamba walimwona fundi akimsukuma.

Tulionana mara ya kwanza katika seli za korti, mimi nje ya vyuma na yeye ndani, watu wengine kumi na kitu wakitusikiliza.

"Madam, mimi sikumgusa," aliniambia. "Alirudi nyuma akakosa ngazi. Uliza mama wa mboga. Alikuwa hapo chini, anatuangalia."

"Wanasema uliinua mkono."

"Niliinua. Nilikuwa namwonyesha mlango wangu."

Si kila mteja wa namna hiyo nimemwamini. Huyu nilimwamini.

Mama wa mboga alikuwa na kibanda kando ya geti la ploti. Baada ya kifo kile mwenye nyumba alikibomoa, naye mama akarudi kwao, karibu na mpaka wa Uganda. Namba yake nilipewa na mke wa fundi, aliyekuwa akifanya kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja. Nilipopiga, mama alishika simu mara moja, kana kwamba alikuwa amengoja.

"Niliona kwa macho yangu, mwanangu. Huyo mtu hakusukumwa. Polisi hawakuniuliza hata neno moja. Nitumie nauli, nitakuja."

Nilimwuliza karani wa korti nauli ya shahidi wa utetezi hutoka wapi. Alinitazama kwa huruma. "Wakili, hata wewe utangoja mpaka hukumu isomwe. Kisha ungoje tena."

Nikatoa mfukoni mwangu.

Alikuja. Nilimkuta kwenye benchi nje ya korti, amevaa sare za akina mama wa kanisa lao, nyeupe pee licha ya safari yote ile, na kwenye kiondo alikuwa amenibebea njugu. Nilimweleza ataulizwa nini na nani atamuuliza. Hakuwa na hofu. Saa nne karani akatoka akatangaza kwamba jaji ameitwa kwenye mafunzo, korti haitakaa, na kila mtu achukue tarehe mpya. Yetu ilikuwa baada ya miezi mitano.

"Lakini si mimi niko hapa?" mama akasema. "Si waandike tu?"

"Haiandikwi bila jaji, mama."

"Basi niandikie wewe."

Nikamwandikia, ukurasa mmoja na nusu, akatia sahihi. Nilijua karatasi ile haingekubaliwa kama upande wa mashtaka haungepata nafasi ya kumhoji. Niliiandika kwa sababu alikuwa ametoka mbali, na sikuweza kumwambia aondoke hivyo hivyo. Halafu nikampa nauli ya kurudi.

Juma moja kabla ya tarehe mpya alinipigia. "Wakili, nauli?"

Nikamwambia nitatuma kesho. Pesa nilikuwa nazo. Mteja mmoja wa mtaa wa Kahawa Sukari, aliyekuwa akinunua shamba, alikuwa amenilipa siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa na kesi nyingine mbili za maskini zilizokwisha bila kulipwa, na mwenye jengo alikuwa ameniambia mbele ya wateja kwamba mwezi huo lazima nihame. Nililipa kodi ya ofisi. Kesho yake sikutuma, na keshokutwa aliponipigia sikushika simu.

Jaji hakuwa mtu mbaya. Nilipomwambia kwamba shahidi wangu hakuweza kusafiri, alinipa wiki mbili. Safari hii niliomba mkopo kwa rafiki, nikapiga simu nikiwa na nauli tayari. Aliyeshika alikuwa binti yake.

"Mama amepooza," akasema. "Anatusikia, lakini haongei."

Nikamwuliza tangu lini. Akanitajia siku. Ilikuwa siku mbili baada ya ile tarehe ambayo angekuwa Thika akitoa ushahidi.

Fundi alitoa ushahidi wake peke yake, bila shahidi mwingine. Aliinua mkono mbele ya jaji kuonyesha jinsi alivyomwelekeza keateka kwenye mlango, na nilipoutazama mkono ule mpana wa mtu wa mawe, hata mimi niliona jinsi ungeweza kusukuma mtu. Kile kikaratasi changu kilikataliwa. Alipatikana na hatia, akafungwa miaka thelathini. Walipokuwa wakimshusha seli aligeuka akasema, "Asante, madam. Umejaribu." Habari ya nauli sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Fomu ya kudai malipo nilijaza nakala tatu. Zilirudishwa kwa sababu mhuri ulikuwa umefifia, nikazipeleka tena. Pesa ziliingia baada ya karibu miaka miwili, kiasi ambacho wakili wa mjini hutoza kwa barua chache. Ujumbe wa benki ulinikuta bucha, Ruiru. Nilikuwa nimeagiza nusu kilo. Nikamwambia muuzaji aongeze iwe kilo, akaongeza.

Mke wa fundi alikuja ofisini muda si mrefu baadaye. Alikuwa amehamia chumba kimoja Ruiru, bado akifunga maua. Hakutaka kuketi.

"Wakili, rufaa ni pesa ngapi?"

Nikamweleza kwamba anaweza kuomba korti imchagulie wakili tena, bila malipo.

"Wakili kama wewe?"

Nikasema ndiyo, kama mimi.

Alitazama mafaili yaliyopangwa sakafuni. Kisha akaniuliza kama mtu aliyefungwa anaruhusiwa kupelekewa sweta, kwa sababu mumewe analalamika baridi. Nikamwambia rangi inayokubaliwa. Alinishukuru, akashuka ngazi, na rufaa hakuniuliza tena.